Bisha Hodi Kwanza

Kijana wa Kuresoi anayejifunza kuandika programu akitaka kuunda gemu, ya maandishi ndiyo ya kuanzia: haina picha, na hata mtandao unaosuasua huku milimani unaibeba. Lakini wengi huruka hatua moja: seva na programu ya mchezaji kupatana ni mambo gani kila upande unayaweza. Sababu wanazotoa nazijua. Hazisimami.

"Maandishi ni maandishi, tupatane nini?" MUD (gemu ya maandishi ya wachezaji wengi) ya kwanza, aliyoianza Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, ilikuwa maneno matupu. Za leo hutuma rangi, ramani na hesabu ya uhai wa mchezaji. Seva isipouliza, mwenye skrini isiyojua rangi haoni joka jekundu. Anaona hivi: [31mjoka[0m. Mkulima wa Keringet hapakii viazi kabla ya kupatana na mnunuzi kuhusu gunia. Seva nayo isipakie kabla ya kuuliza.

"Kupatana kunakula data." Tuhesabu. Seva inatuma 255, 251, 86, yaani "niko tayari kubana maandishi." Programu ikijibu 255, 253, 86, imesema "haya, bana." Baiti 5 zaidi za kutangaza kwamba kubana kumeanza, na jumla ni 11. "Karibu Kuresoi" pekee ni baiti 14. Kuanzia hapo kila kinachotoka kwenye seva kinabanwa, na maandishi ya gemu, yanayorudia majina ya vyumba na amri zilezile, hubanika sana. Asiyepatana ndiye anayekula data.

"Mwenye programu duni atafungiwa nje." Kinyume chake. Kanuni za Telnet, lugha ambayo seva na programu hizi hupatania, ziko katika hati ya RFC 854 ya Mei 1983, na zinaanza na kila upande ukiwa mtupu, bila jambo lolote la ziada lililowashwa. Ombi la kuwasha jambo laweza kukataliwa. Ombi la kulizima lazima likubaliwe. Mchezaji akikataa rangi, anapewa maneno matupu na gemu inaendelea.

"Tuulize jina la programu tu, mengine tutajua." Jina halisemi mwenyewe amezima nini. Asiyeona, anayesomewa skrini kwa sauti, huenda anatumia programu ileile ya jirani yake anayeona, na mahitaji yao hayafanani. Utaratibu wa MTTS, ambao programu hutumia kuieleza seva uwezo wake, umemwekea alama yake, 64. Muulize, usimkisie.

"Pande mbili zitajibizana bila mwisho." Hili lina ukweli. Programu inayojibu kila jibu huzunguka bila kukoma. Lakini dawa ipo tangu 1990, katika RFC 1143 ya Daniel Bernstein: kumbuka uliomba nini, na usijibu lililokwisha kukubaliwa.

Kwa hiyo, kabla hujaandika joka lako la kwanza, andika hodi. Ni baiti 3 tu.