Kibaki Alianzia Eastlando, Halafu Akahama
Msee, ulidhani Kibaki alianzia Othaya? Zii. 1963 aliingia bunge na kura za Eastlando, kiti cha Doonholm, chenye baadaye kiliitwa Bahati. 1969 Jael Mbogo akamtoa jasho, jamaa akaponea chupuchupu. Uchaguzi uliofuata, 1974, akahamia kwao Othaya na akakaa na hicho kiti hadi 2013. Huko ndiko alijijenga: Makamu wa Rais 1978, Rais 2002.

Sisemi alitusahau. Shule ya msingi ya bure ya 2003 ilisomesha madogo wengi wa mtaa. Lakini mi naona alihama juu kura zetu hazikuwa za uhakika. 2027 mheshimiwa akikuja Jericho kula mutura na wewe, muulize kiti chake cha akiba kiko wapi.