Sheria tunazo, ujuzi haujafika sokoni

Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, aliliambia Bunge kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu ya Uganda zilikuwa zimedukuliwa. Miaka minne kabla, Oktoba 2020, wezi walipenya mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na pesa za simu za MTN na Airtel. Baadhi ya huduma zikasimama kwa siku kadhaa. Huku Arua na Koboko ni rahisi kusema hayo ni mambo ya Kampala.

Sivyo. Mfanyabiashara aendaye Ariwara, au avukaye Oraba kwenda Kaya, mara nyingi hafungi tena noti kiunoni. Mtaji wake uko kwenye simu. Laini yake ndiyo benki yake, na mlinzi ni yeye mwenyewe.

Kwa upande wa sheria hatuko nyuma. Ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyorekebishwa 2022, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Lakini sheria humfuata mwizi akishaiba. Kinachomzuia mapema ni ujuzi, nao umegawanywa vibaya. Chuo Kikuu cha Muni, hapa Arua, kinafundisha teknolojia ya habari. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaweza kusoma kompyuta. Je, mama muuza samaki wa Koboko aliyeishia darasa la nne anafundishwa na nani?

Kwetu tuliorudi kutoka ukimbizini kuna tatizo la ziada. Mimi nilisomea upande wa Zaire, na nawajua wenzangu waliorudi bila karatasi yoyote. Asiye na kitambulisho huandikishiwa laini kwa jina la shemeji au jirani. Simu ikipotea, au tapeli akihamishia namba hiyo kwenye kadi nyingine, mwenye pesa hana la kusema, kwani anayetambuliwa ni mwenye jina. Asiyejua kusoma naye humtajia wakala namba ya siri mbele ya watu. Tapeli wa hapa hahitaji kompyuta. Anapiga simu, anazungumza Kilugbara safi: "Mama, pesa zangu zimeingia kwako kwa makosa, tafadhali nirudishie."

Dawa yake haihitaji jengo. Inahitaji nusu saa kila siku ya soko, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili na Lingala. Namba ya siri haitajwi hata kwa wakala. Kabla ya kurudisha pesa, tazama salio lako, usiamini ujumbe. Laini iwe kwa jina lako, hata kama kupata kitambulisho kutakugharimu siku tatu za biashara.

Wanafunzi wa Muni wanaweza kufundisha, na halmashauri zinaweza kutoa nafasi sokoni. Gharama zibebwe na kampuni za simu, ambazo hutukata ada tunapotuma pesa. Benki Kuu ilipoibiwa, wabunge waliuliza maswali. Wabunge wetu wa West Nile waulize pia habari za mchuuzi.