Udongo Wetu, Simiti Yetu
Wiki hii, siku ya soko Daraja Mbili mjini Kisii, niliwatazama vijana wa mjengo wakikoroga zege kwa beleshi kando ya barabara. Lilipowawia zito waliongeza ndoo ya maji, likalainika, kazi ikaenda. Lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na mvua ya Gusii hupenya humo mpaka kwenye nondo, kutu ikaanza kula. Elimu hii ingepaswa kuwafikia zamani. Tena simiti yenyewe ina somo lake: pale pale waliposimama pana udongo mwekundu, ambao sisi tumezoea kuusifu kwa ndizi na majani chai tu. Udongo wenye madini ya kaolini ya kutosha, ukichomwa kwa nyuzi 800 hivi, husagwa pamoja na mawe ya chokaa ukapunguza klinka, kiungo kikuu cha simiti kinachodai nyuzi 1450, hadi nusu ya simiti hiyo. Mtafiti Karen Scrivener wa Uswisi na wenzake wa India na Kuba wameonyesha kuwa kaboni inayotolewa katika kutengeneza simiti hupungua kwa hadi asilimia 40, na katika Chuo Kikuu cha Meru, Joseph Marangu ameichunguza simiti ya namna hiyo kwa udongo wa Kenya. Wa kwetu Kisii na Nyamira utapimwa na nani? Udongo uwahi ungali maji, na vijana wa kemia na uhandisi tunao sasa. Kaunti inayoidhinisha maghorofa kila mwaka, isimsomeshe hata mtafiti mmoja wa zege, inawajengea watu wake kwa kubahatisha.