Mapatano kwanza, picha baadaye

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua methali hii, lakini naona tunaisahau mara tu tunapoingia studio ya picha.

Mwezi uliopita niliitwa kusuluhisha ugomvi hapa Nyabugogo. Mama mmoja anayeleta vitenge kutoka Goma alimwomba binti wa jirani avae nguo zake apigwe picha. Walielewana kwa mdomo: faranga 10,000 na kitenge kimoja. Baadaye picha ile ikaonekana katika bango la duka la nywele bandia, ng'ambo ya mpaka. Kumbe mpiga picha aliiuza. Binti anadai fidia. Mama anasema picha ni yake kwa kuwa alilipa. Mpiga picha naye anasema ni kazi ya mikono yake. Kila mmoja ana hoja, hakuna mwenye karatasi.

Jambo hili si dogo. Septemba 2023, ofisi ya Kenya inayolinda taarifa binafsi iliitoza baa ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Hapa Rwanda, sheria namba 058/2021 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa aliyoitoa juu ya taarifa zake, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi.

Sisemi kila mtu akimbilie kwa wakili. Ukurasa mmoja watosha: malipo ni kiasi gani na yatatolewa lini, nguo zipi zitavaliwa, picha zitatumika wapi, nchi zipi, kwa muda gani, na je, mpiga picha anaruhusiwa kumuuzia mwingine? Wote watatu watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake.

Nawaomba hasa ndugu zangu tuliorejea kutoka Tanzania, Uganda na Kongo: tuandike kwa lugha ambayo wote wanaielewa. Binti asiyejua Kiswahili asomewe kwa Kinyarwanda kabla hajashika kalamu.

Mzigo ukizuiliwa forodhani hulipiwa ukatoka. Picha ikishavuka mpaka, nani ataikomboa?