Kompyuta ya Kayole Haijazeeka, Imetelekezwa

Ikifika wiki ya mwisho ya Juni, foleni za saiba za Kayole, Umoja na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, humwagika hadi nje ya mlango. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, na Wakenya hawana haraka hadi siku yenyewe ifike. Mwezi mwingine ni wanafunzi wa HELB na KUCCPS, mwingine ni walimu na fomu za TSC. Tangu serikali ihamishie maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen mwaka 2023, saiba ya mtaani imegeuka ofisi ya serikali isiyo na bendera.

Mzigo huo wote hubebwa na mashine za eksi-UK: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, au HP EliteBook 840 G3 iliyonunuliwa Luthuli Avenue. Zinawaka, zinachapa, zinaskani. Tatizo ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya bure kwa Windows 10, na mrithi wake, Windows 11, haizitaki mashine hizi. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka 2017. OptiPlex hiyo ni ya kizazi cha tatu, G3 ni ya sita. Mwenye 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane amevuka. Mwenye G3, ambayo mteja hawezi hata kuitofautisha na mwenzake, ameachwa ng'ambo.

Mafundi wana dawa yao. Kwa programu ya Rufus, huandaa flashi inayoyaruka masharti hayo na Windows 11 ikaingia vizuri tu. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho. Kwa kompyuta kongwe zaidi, za Core 2 Duo, hata ujanja huo umegonga ukuta: toleo la 24H2 la mwaka 2024 linahitaji amri ambazo prosesa hizo hazizijui, na Windows hiyo haiwaki kabisa. Upo pia mpango wa kuongezewa viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Huo ni wa kompyuta za nyumbani, si za biashara, na saiba ni biashara. Kuhusu Windows za kraki, zile ambazo kabla ya kuziingiza unaambiwa uzime kwanza kingavirusi, labda tusiseme mengi.

Basi si iachwe tu ilivyo, maadamu jana ilifanya kazi na leo inafanya? Hivyo ndivyo walivyofikiri wengi kabla ya tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kuzilazimu hospitali za Uingereza kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu vilimopitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na baadhi ya mashine zao zilikuwa kongwe kiasi kwamba hazikuletewa viraka tena. Saiba ya Eastlands haina wagonjwa, lakini fungua folda ya skani uone: vitambulisho, PIN za KRA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na haimsamehei kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha sita.

Jawabu lililo karibu zaidi ni Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows. Toleo lake la Linux Mint halina bei, viraka vyake vinatolewa kwa miaka, na linafanya kazi kwa ramu ya GB 2 ingawa GB 4 ndizo zinazofaa. Diski ya zamani inayozunguka ikibadilishwa na SSD, OptiPlex ya 2012 inafungua eCitizen bila kumchosha mteja. Na KRA yenyewe imekuwa ikitoa fomu ya ritani kwa muundo wa ODS sambamba na ule wa Excel, hivyo LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inaweza kuijaza. Wala programu huria si jambo geni ukanda huu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Huko Kerala, India, shule za umma zimefundisha kompyuta kwa Linux kwa miaka mingi.

Vikwazo vipo, na anayehubiri Linux bila kuvitaja hajawahi kukaa kaunta ya saiba. QuickBooks ya kusakinishwa na Photoshop hazikubali. Baadhi ya printa na skana zinasumbua. Vyuo vya mtaani vinafundisha pakeji za Microsoft kwa sababu ndizo waajiri wanazouliza. Saiba yenye mashine sita inaweza kununua moja yenye Windows 11 halali kwa kazi hizo na kuhamishia Linux zile tano. Hiyo ni nafuu kuliko kununua sita, au kuzitupa tano zikaishie jalala la Dandora, ambalo lilitangazwa kujaa tangu 2001.

Na hakuna haja ya kufuta chochote ili kujaribu. Mint huwashwa kutoka kwenye flashi, Windows ikiwa haijaguswa. Fundi aunganishe printa, askani kitambulisho kimoja, afungue iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na kujaza fomu ya ODS hadi mwisho. Kifaa kikigoma, anachomoa flashi na kuwasha mashine upya, Windows ipo pale pale. Ila jaribio hilo lifanywe mwezi wa Februari, si tarehe 29 Juni.