Hiki Nini?



Wale mlio pamoja nasi tangu mwanangu alipokuwa wa kubebwa mtaikumbuka hofu yangu ya mwaka jana: miezi 13 imetimia, na mtoto hajapiga hatua hata moja. Wala hakutambaa kama watambaavyo wenziwe. Alikuwa akijiburura kwa makalio sakafuni, mguu mmoja umenyooka mbele, mkono mmoja ukimsukuma kama kasia. Kila mgeni aliyeingia kwetu alikuja na mtoto wa mtu fulani wa kumpimia, naye mtoto huyo sikuzote alikuwa ametembea na miezi 9. Sijui watoto hao hukaa mtaa gani.

Aliyenituliza ni muuguzi wa kliniki. Aliniambia kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani, na Oman ya jamaa zetu. Karibu wote walianza kutembea bila ya kushikwa mahali fulani baina ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Na kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walipata njia zao nyingine za kufika watakako. Basi nahodha wangu alikuwa na wenzake. Alipofika miezi 14 na siku kadhaa, alfajiri moja alisimama katikati ya ukumbi akamfuata paka hadi mlangoni, hatua saba, akaketi kwa kishindo na kujipigia makofi.

Sasa ana miezi 18, nami ninazikumbuka siku za makalio kwa shauku.

Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa paka, na anayeujua Mji wa Kale hatashangaa. Neno la pili ni "Nini?" Kwa neno hili moja anaendesha nyumba nzima. Kidole kimenyooshwa kwenye mbuzi ya nazi: nini? Kwenye chetezo, kwenye kifumbu, kwenye nywele za masikioni mwa babu yake: nini? Adhana ikilia husimama wima, akatazama juu, akauliza hewa. Nikisujudu hulala kando yangu shavu likigusa msala, akanichungulia chini ya mtandio. Mara nyingine hunipanda mgongoni. Nilikuwa nikikasirika, hadi mavyaa wangu aliponikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alisali hali amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Tangu hapo nasujudu polepole na kumwachia atelemke mwenyewe.

Katika mambo mengine mimi na mavyaa hatukuwa na kauli moja. Yeye humwachia mtoto ashike. Humkalisha mbele ya sinia ya mchele akauchota na kuumwaga, kisha bibi na mjukuu wakauokota punje kwa punje. "Mwanangu," huniambia, "mtoto asiyechokora ni mgonjwa." Mimi nilikuwa mtu wa usiguse. Usiguse birika, usiguse waya, usiguse msahafu wa baba, usiguse. Siku moja alilielekea birika, akalinyooshea kidole, akaniangalia kwa fahari ya mwanafunzi anayejua jibu: "Usiuse." Nilicheka sana. Nikawasimulia dada zangu, nao wakacheka. Haikunijia kwamba mtoto amekuwa akiniuliza jina la kitu, nami kwa miezi kadhaa nimempa jina moja kwa vitu vyote.

Ilikuwa Alhamisi baada ya Alasiri. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, na yeye nyuma yangu akiokota vipande. Chini ya meza, kando ya gunia la makaa, palikuwa na chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, yale ya kuwashia seredani. Mafuta haya, kama mjuavyo, hupimwa na kumiminwa katika chombo chochote anachokuja nacho mnunuzi. Mimi ndiye niliyekwenda na chupa ile, na mimi ndiye niliyeirudisha na kuifunga kifuniko nusunusu kwa haraka. Nilisikia kikohozi. Nilipogeuka, kanzu yake kifuani ilikuwa imelowa, macho yamejaa machozi, na harufu imenifikia kabla sijamfikia yeye.

Mavyaa alitoka chumbani mbio na kikombe cha maziwa. "Mnyweshe, atapike! Mtie kidole, mwanangu, atapike!" Nilikuwa nimeshamwinamisha. Ndipo jirani wetu wa ghorofa ya juu, mama mtu mzima tunayemwita shangazi, aliposhuka ngazi kichwa wazi, jambo ambalo sijapata kuliona, akampokonya mtoto mikononi mwangu. "Msimtapishe! Wala msimpe kitu!" Alimvua ile kanzu, akampangusa kifua kwa maji na sabuni, akamfunga leso yake, na kufumba na kufumbua tulikuwa ndani ya tuktuk, mtoto amekaa wima kifuani mwake, mimi chupa mkononi ili daktari aione.

Daktari alimwambia kwamba amefanya sawa, kisha akanieleza mimi, kwa kuwa nilikuwa sielewi. Mafuta ya taa hatari yake kubwa si tumboni bali mapafuni. Ni mepesi, hutambaa upesi, na mtoto akitapishwa hupita kooni mara ya pili na kupata nafasi nyingine ya kuingia kwenye njia ya pumzi. Maziwa hayayaui makali yake. Huongeza kichefuchefu tu. Wala hakuna dawa ya kuyakata. Kinachofanywa ni kumwangalia mtoto: anakohoa, anahema haraka, amelegea, au yu salama? Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo mtoto anayecheka dakika kumi baadaye bado ni mtoto wa kupelekwa hospitali. Alisikilizwa kifua, akapigwa picha, akabanwa kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu kinachopima hewa ya damuni. Saa sita tukaketi pale. Mwanangu alikitazama kidude chake, akainua kidole kinachowaka, akawauliza wauguzi wote mmoja mmoja: "Nini?" Saa tano na nusu za usiku tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Alhamdulillahi.

Baba yake hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Mavyaa ndiye aliyenifuata jikoni usiku ule, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo mtaa mzima wa umri wake walijua ila mimi. Shangazi wa juu alikuwa na mtoto kabla ya hawa wanawe wakubwa tunaowaona. Mafuta ya kibatari, maziwa, kidole kooni, na wazee wote wakimhimiza. Siku ya tatu kifua kikamshinda. Miaka yote hii tumepita ngazini kwake, tukimsalimia, tukipokezana sahani za vitumbua.

Sasa nyumba. Mafuta ya taa yamo ndani ya dumu lake lenye maandishi, juu ya kabati, mlango unafungwa kwa ufunguo. Dawa ya kuondoa madoa nguoni nimeirudisha kwenye chombo chake ilichonunuliwa nacho. Kitu kisichonywewa hakitiwi tena katika chupa ya kunywea kwangu, hata kwa dakika moja, hata akija mgeni. Seredani imepandishwa kwenye jiwe. Na ndoo! Sisi wa Mombasa, kwa jinsi maji ya mfereji yanavyotukatikia, hatuna nyumba isiyo na pipa na ndoo tatu zilizojaa. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito mno kwa kulinganisha na mwili wake. Akiinama kuangalia uso wake majini huenda kichwa mbele na asiweze kujiinua, na maji ya kina cha shibiri yanatosha kumzamisha. Sikulijua hilo pia. Pipa limepata kifuniko cha mbao na tofali juu yake, na ndoo zinafungiwa msalani.

Rafu ya chini kabisa tumempa yeye, kwa fikira ya mavyaa. Ina kawa, kata, miiko miwili, sufuria lililotoboka na kifumbu kikuukuu. Hapo hakuna usiguse. Kelele zake hufika baharini.

Wiki iliyofuata tulikwenda kliniki kwa sindano ya pili ya surua na rubela. Nawasihi mama wenzangu: wengi wetu baada ya ile ya miezi 9 hukifungia kijitabu sandukuni, ilhali hii ya miezi 18 ndiyo inayokamilisha kinga, na siku hiyo hiyo mtoto akapewa vitamini A yake ya kila miezi sita. Muuguzi aliniuliza mtoto ana maneno mangapi. Nikahesabu kwa vidole: kumi na moja. Usiuse sikuihesabu.

Shangazi huteremka kila jioni baada ya Maghrib siku hizi. Huketi kwenye mkeka karibu na rafu ile, na mtoto humletea vitu vyake kimoja kimoja avitaje. Kawa. Kata. Mwiko. Hujibu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza kuulizwa. Juzi mwanangu alisimama chini ya kabati lililofungwa, akanyoosha kidole juu, akamwangalia. Mimi nilinyamaza. Shangazi alichukua muda.

"Mafuta ya taa, baba," akamwambia. "Makali."

"Kai," akasema mtoto. Jana tulipopita mahali zinapotiwa mafuta tuktuk, aliziba pua kwa mkono mzima na kumwambia dereva vivyo hivyo.