Injini ikifa ndani ya waranti, nani athibitishe?

KUTOKA IZIGO
Na Ta Muganyizi

Gari jipya likinoki kabla waranti haijaisha, mwenye gari haulizwi kwanza limekufaje. Anaulizwa risiti za kubadilisha oili ziko wapi. Ugomvi unaanzia hapo, na watu wengi wanashindwa hapohapo, kabla hata boliti moja haijalegezwa.

Magari mengi yanayobeba watu na mizigo ya Izigo katika barabara ya Bukoba–Muleba ni mitumba ya Japani: Noah, Hiace, Fuso za ndizi na kahawa. Waranti ya kiwanda ya magari hayo iliisha zamani, na anayeyauza huyauza yalivyo. Lakini vijana wa bodaboda hununua pikipiki mpya, bajaji nazo huja mpya, na wapo wanaojikusanya kwa miaka ili wanunue pikapu isiyowahi kuendeshwa na mtu. Hata injini ya mtumba inayoagizwa kutoka Gerezani, Kariakoo, huja na garantii ya mdomo: ifunge, isipokaa sawa irudishe. Kila mmoja wa hao ameahidiwa jambo. Injini ikifa, ahadi hiyo inapimwa na nani?

Mpaka sasa anayeipima ni yuleyule aliyeuza. Injini hufunguliwa katika karakana yake, fundi anayeandika ripoti ni wake, na ripoti ikisema mteja hakuitunza, shauri limekwisha. Safu hii inaona huo si utaratibu wa haki, na haielekei kurekebishwa kwa kuwahimiza wateja wawe makini zaidi.

Chuma kina ushahidi wake, na unasomeka. Krenki inapozunguka haigusani na beringi zake. Katikati kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu kupitia njia ndogo zilizotobolewa ndani ya chuma. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma: beringi inachemka, inageuka rangi, pengine inazunguka na kutoka mahali pake. Dereva anasikia mlio wa kugonga kutoka chini, na akiendelea kukanyaga mafuta, konrodi inakatika na kutoboa bloku. Sasa fungua kava ya vali. Ukikuta tope jeusi limeganda kila kona, oili haikubadilishwa muda mrefu, na muuzaji ana hoja. Ukikuta juu kote ni safi, oili ipo ya kutosha, lakini vumbi la chuma limeziba njia za oili kwenye krenki yenyewe, huyo mteja anaonewa.

Hali hiyo ya pili imewahi kutokea, tena kwa magari mengi mno. Mwezi Septemba 2015 Hyundai iliita karakanani magari ya Sonata yapatayo 470,000 nchini Marekani, ya matoleo ya 2011 na 2012. Krenki zilipochongwa kiwandani, mabaki ya chuma yalibaki ndani ya njia za oili na kuzinyima beringi mafuta. Mwaka 2017 wito ulipanuliwa kwa Hyundai na Kia, magari mengine yanayokaribia milioni 1.2. Kabla ya hapo wenye magari wengi walikuwa wameambiwa kosa ni lao kwa kuwa hawana kumbukumbu za sevisi.

Ukweli ulisaidiwa kutoka na mtu wa ndani. Kim Gwang-ho, mhandisi wa Hyundai huko Korea Kusini, alipeleka taarifa kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani mwaka 2016, na kazi yake akaipoteza. Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210, na mwaka uliofuata Kim akazawadiwa zaidi ya dola milioni 24. Katika suluhu iliyofikiwa na wateja mahakamani, waranti ya sehemu ya chini ya injini iliongezwa iwe ya maisha ya gari, na mteja asikataliwe kwa sababu tu hana karatasi za sevisi, isipokuwa pale uzembe ulipopindukia. Ilibidi zipite kesi na miaka ili karatasi iache kuwa na nguvu kuliko chuma.

Mtu wa Izigo akipatwa na hayo, njia yake ni ndefu zaidi. Tuseme mkulima wa kahawa pikapu yake imezima njiani ikiwa na mwaka mmoja. Kitabu cha waranti kinamtaka awe ameifanyia sevisi zote kwa wakala, na wakala wengi wako Mwanza, ng'ambo ya ziwa, au Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,400 kutoka Bukoba. Yeye alibadilisha oili kwa wakati, ila kwa fundi wa hapa Kagera. Risiti ya mashine ya EFD aliyopewa dukani aliponunua oili ilichapwa kwa joto, na baada ya miezi michache kwenye sanduku la gari imefifia, haina hata tarehe. "Mzee, hii hatuwezi kuipokea," anaambiwa mapokezi. Oili aliweka. Pesa alitoa. Kilichokosekana ni wino.

Marekani walilitazama hilo mapema. Tangu mwaka 1975 sheria yao iitwayo Magnuson-Moss inamkataza mwenye kiwanda kumfunga mteja kwa karakana yake au vipuri vyake kama sharti la waranti, isipokuwa anavitoa bure. Kwetu sharti hilo linaandikwa kama jambo la kawaida, katika nchi ambayo mikoa mingi iko mbali na wakala.

Wauzaji nao wana madai ya kweli, na si haki kuyafumbia macho. Mafundi wetu wengi, gari likichemka, wanang'oa themostati na kuitupa, halafu wanajaza rejeta maji ya bomba badala ya kulenti. Oili bandia ipo sokoni. Pikipiki iliyotengenezwa kwa watu wawili inapandishwa watatu na gunia la mkaa. Injini iliyokufa kwa sababu hizo haimdai mtu yeyote fidia. Lakini anayesema kuwa hiyo ndiyo sababu aionyeshe.

Sheria zipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kuwa bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo ina ubora wa kuuzika, hata kama mkataba umenyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), nayo inashughulikia haki za mlaji na wajibu wa mzalishaji. Kwa hiyo kitabu cha waranti si mwisho wa haki za mnunuzi, japo wauzaji huzungumza kama vile ndio mwisho. Tatizo ni kwamba Sura ya 214 imefuata mtindo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893: anayelalamika ndiye athibitishe kuwa kasoro ilikuwepo siku ya kununua. Mwaka 1893 mnunuzi aliweza kuikagua bidhaa kwa jicho. Injini ya leo hawezi.

Wengine wamekwisha kuhama huko. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka mmoja inahesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mlaji ya mwaka 2008, inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa mbovu na kuchagua kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na wana msuluhishi maalumu wa migogoro ya magari. Tanzania haikosi uwezo wa kuandika kifungu kama hicho.

Bunge lianzie hapo: injini mpya ikifa ndani ya mwaka wa kwanza, mzigo wa uthibitisho uwe wa muuzaji. Pili, injini isifunguliwe na upande mmoja. TEMESA, wakala wa serikali anayetengeneza magari ya umma, ana karakana mikoani, Kagera ikiwemo. Fundi wake anaweza kupewa kazi hii: kufungua injini mbele ya mteja na mwakilishi wa muuzaji, kupiga picha kila hatua, kuhifadhi oili iliyokutwa kwenye sampu na kuandika alichokiona.

Hadi hilo litakapokuja, mwenye gari la waranti apige picha kila risiti siku hiyohiyo pamoja na kilomita zilizo kwenye dashibodi, na injini ikinoki asimruhusu fundi wa mtaani kuigusa kabla hajamwandikia muuzaji barua. Ikishafunguliwa, muuzaji atasema imechezewa, na hapo ni vigumu kumjibu.

Gharama ya ukaguzi wa TEMESA aitangulize muuzaji. Ikionekana mteja alizembea, airudishe yeye, pamoja na ya kulivuta gari.